Kutengenezeka kwa Simujanja: Kile Ambacho Bisibisi Haikioni

Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 Ufaransa iliwataka wauzaji wa simujanja waonyeshe, kando ya bei, alama ya kutengenezeka kwa kila simu, kati ya sifuri na kumi. Vigezo vilikuwa vitano vyenye uzito sawa: nyaraka za kiufundi, wepesi wa kufungua, upatikanaji wa vipuri, bei ya vipuri, na sifa mahususi za kifaa. Kwa hesabu hiyo, nyaraka nyingi zingeweza kufidia betri iliyogandishwa kwa gundi isiyoachia.

Kampuni ya iFixit ya Marekani hupima kwa njia iliyo karibu zaidi na meza ya fundi. Huifungua simu kipande baada ya kipande na kutazama vikwazo: skurubu ni za aina ngapi, gundi ni kiasi gani, na je, betri hufikiwa moja kwa moja au hadi vipande vingine vitolewe kwanza? Kwa kipimo hiki iPhone 14 ilisifiwa mwaka 2022. Katika matoleo yaliyotangulia kioo cha nyuma kiligandishwa kwenye fremu. Hapa kilishikwa kwa skurubu mbili na kiunganishi kimoja, kikatoka bila kuvuruga vya ndani. Ikapewa alama 7.

Septemba 2023 alama hiyo ilishushwa hadi 4, ilhali hakuna skurubu iliyobadilika. Kilichopewa uzito mdogo mno awali ni uoanishaji: vipuri kama kioo na betri hubeba namba ya utambulisho ambayo programu ya simu huilinganisha na ile iliyosajiliwa. Wakati huo, ukizichukua iPhone 14 mbili nzima na kubadilishanisha vioo vyake, vyote halisi, simu ilionya kuwa kipuri hakitambuliki, na kioo kilipoteza uwezo wa kurekebisha rangi kulingana na mwanga. Betri iliyobadilishwa nayo ilikoma kuonyesha afya yake.

Fundi wa Kariakoo au wa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi aghalabu haagizi kipuri kwa mtengenezaji. Simu iliyoungua ubao ndiyo ghala lake. Kwa hiyo vigezo vya upatikanaji na bei, vilivyojengwa juu ya kipuri cha mtengenezaji, havipimi soko lake, na uoanishaji humwumiza yeye zaidi. Hoja kwamba kufuli hizo huzuia wizi si ya kupuuzwa, lakini simu iliyoripotiwa kuibwa yaweza kuzuiwa bila kuadhibu vipuri vya simu iliyokufa kihalali. Jimbo la Oregon lilipiga marufuku vizuizi vya aina hii kwa sheria iliyotiwa saini Machi 2024.

Iwapo mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki yataandaa alama yao, tunapendekeza jaribio la kufungua lifuatwe na la pili: simu mbili za toleo moja zibadilishane kioo, betri na kamera, bila idhini ya mtengenezaji, kisha zihesabiwe kazi zilizopotea. Simu inayofunguka kwa dakika 10 lakini ikakikataa kioo cha pacha wake isipate zaidi ya nusu ya alama.