Mnyama Mzito wa Mpwa Wangu



Majuzi nilikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Nairobi, nikashuka Kiboko, mji mdogo wa Kaunti ya Makueni ulio kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Makindu. Wengi wetu huupita tukiwa usingizini ndani ya basi. Madereva wa malori wanaujua zaidi. Ni nchi kavu, hata watafiti wa kilimo wana kituo chao hapo cha kujaribia mahindi yanayostahimili ukame, lakini pana chemchemi, na maji yake hutoka vilima vya Chyulu, vilima vile vile vinavyolisha chemchemi za Mzima ambazo maji yake yanafika kwetu Mombasa kwa mabomba. Jina la mji ni la yule mnyama wa mtoni, na nawaomba mlikumbuke, kwa kuwa tutakutana naye tena.

Dada yangu wa tumbo moja ameolewa huko. Alikuwa amenipigia simu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kaka, ukipita shuka. Njoo umsemeze mwanao, mimi amenishinda." Mwanangu huyo ni mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitano. Nilipofika, kabla sijapewa hata maji, dada alinitia simu mkononi. "Itazame mwenyewe. Mchana majini, usiku majini. Isha anaiswali watu wamekwisha lala."

Nakiri kwamba nilikwenda na hukumu yangu tayari mfukoni. Hata hivyo tulifundishwa chuoni kwamba kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza, basi baada ya Alasiri nikamwita kijana chini ya mwembe, nikamwambia anionyeshe.

Mchezo wenyewe ni Pokémon. Ulitoka Japani mwaka 1996, ukatengenezwa na kampuni ya Game Freak na kuuzwa na Nintendo. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kupenda kukusanya wadudu, na hapo ndipo alipopata wazo lake. Viumbe vyake vya kubuni vilianza vikiwa 151, sasa vimepita elfu moja. Katika mashindano, kila mchezaji huwa na kikosi cha wanyama, aghalabu sita. Wote wawili huchagua la kufanya kwa siri, kisha kompyuta hutazama mbio za kila mnyama: mwenye mbio hupiga kwanza, mzito hupiga baadaye kama bado yu hai. Mpwa wangu huucheza bure kwenye simu, akipambana na watu asiowajua wala hawatawahi kuonana.

Kwa kanuni hiyo, nadhani mmekwisha ona watoto wanakimbilia nini. Wote hutaka wanyama wa kasi. Mpwa wangu naye alianza hivyo hivyo na akashindwa kwa miezi, kwa sababu kila mwenye mbio ana mwenziwe anayemzidi. Ukiwa na wa mbio 102, atakuja mtu na wa 125, na wa 125 atakutana na wa 130. Wanyama hao aghalabu ni wembamba. Wakitanguliwa mara moja wamekwisha.

Ndipo akamchukua kiboko.

Anaitwa Hippowdon, aliingia mchezoni mwaka 2006. Ni mkubwa, kinywa wazi, mchanga ukimtoka matunduni mwilini. Uhai wake ni 108, nguvu ya kupiga 118, kinga 118, na mbio 47 tu. (Hapa waundaji wamemwonea kidogo. Kiboko wa kweli, pamoja na uzito wake wa kilo elfu moja na mia tano na zaidi, hukimbia nchi kavu kiasi cha kilomita 30 kwa saa, na wengi wetu hatumpiti.) Anapoingia uwanjani tu, tufani la mchanga huinuka lenyewe, na kila mzunguko humla adui sehemu moja ya kumi na sita ya uhai wake, isipokuwa wanyama wa ardhi, wa mawe na wa chuma. Yeye hupigwa kwanza, hilo ndilo sharti la uzito wake, nalo amelikubali. Akichoka hujipumzisha akarudishiwa nusu ya uhai. Adui hupiga tena, mchanga unamla tena. Kisha kiboko hutetemesha ardhi.

"Mjomba," akaniambia, "watu wengi wanakasirika. Wanaondoka kabla haijaisha."

Nilimuuliza kiboko huyu adhurika na nini. Akajibu: majani, barafu na maji. Maji! Nilicheka hata dada yangu akachungulia kutoka jikoni. Kiboko anayeogopa maji, na tupo Kiboko penye chemchemi. Lakini kijana alikuwa na jambo la kunionyesha hapo. Yuko chura aitwaye Politoed, mbio zake 70, ambaye akiingia huteremsha mvua, na mvua hulizidishia nguvu pigo la maji. Sasa, chura na kiboko wakiingia uwanjani kwa wakati mmoja, mwenye mbio hutangulia: mvua inaanza kunyesha. Kisha anafuata mzito, mchanga unainuka, mvua inafutika. Kwa kuwa alichelewa, hali ya hewa inayobaki ni yake.

Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Baadhi ya wanyama wanajua kufungua kitu kiitwacho Trick Room, chumba cha hila, ambacho hudumu mizunguko mitano kwa kuhesabu ule wa kukifungua. Ndani ya chumba hicho mpangilio hugeuzwa: mzito hupiga kwanza, mwepesi mwisho. Kobe Torkoal mwenye mbio 20 huwa bingwa, na Snorlax, bonge la usingizi lenye mbio 30, huwatangulia farasi. Wachezaji wajuzi hufika mahali pa kuwalea wanyama wao makusudi wawe wazito zaidi, wakipunguza mbio kila walipoweza. Tatizo ni kwamba mwenye kukifungua chumba hutenda wa mwisho kabisa katika mzunguko huo, basi ni lazima kwanza aweze kuvumilia kipigo.

Nilitazama michezo mitatu. Wa kwanza alishindwa vibaya. Wa pili ulikuwa mrefu. Alibakiwa na wawili: kiboko, na Slowbro, mnyama wa rangi ya waridi aliyeng'atwa mkia na kombe. Slowbro akafungua chumba, na mzunguko uliofuata akaanguka. Ikabaki mizunguko mitatu. Akaingia kiboko. Mbele yake alisimama Weavile, kiumbe chembamba chenye makucha ya barafu, mbio 125, ambaye mchanga ulikuwa umekwisha mla nusu tangu mwanzo. Nikamwona mpwa wangu ametulia, kidole hakitetemeki. Kiboko akatangulia kupiga, Weavile akalala.

"Mjomba, kiboko hakubadilika," akasema, akinirudishia simu. "Kilichobadilika ni chumba."

Sasa tuje kwenye hukumu, maana najua mama mmoja huko Mvita au Likoni anangoja. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudia walitoa fatwa ya kuuharamisha mchezo huu, wakataja kamari iliyokuwa katika kadi zake, nembo za dini nyingine, na fikra ya mageuzi ya viumbe. Mjadala ukarudi mwaka 2016 ulipotoka ule wa kutembea na simu mitaani. Nawaheshimu wanazuoni hao, na hoja ya kamari ni nzito: penye fedha ya kushindania baina ya wachezaji, au mtoto akanunua kwa fedha za M-Pesa za mzazi bahati asiyoijua, mimi sina maneno mengi, hapo tukae mbali. Nilipekua simu ya kijana. Fedha hamna, si ya kuingilia wala ya kushinda. Mageuzi ya mchezoni ni mchoro wa mnyama kukua, na mpwa wangu anajua ni mchoro. Kosa lililothibiti ni Isha, nalo si dogo. Hilo tulilizungumza kwa ukali.

Lakini nilimuuliza jambo jingine: mbona ameacha kuhifadhi? Alikuwa amefika Juzuu Tabaarak, kisha mwaka mzima hakusonga. Akanyamaza, akachimba mchanga kwa kidole cha mguu. Baadaye akasema watoto wadogo walimpita, wakawa wanamwita jina la mzigo. Ustadhi hutoa nusu ukurasa kwa siku kwa kila mtu. Yeye nusu ukurasa haumwingii.

Wasomaji wangu, neno kiboko lina maana ya tatu, nayo mnaijua. Nilipokuwa mwalimu wa chuo, katika miaka yangu ya thelathini, nilikuwa nacho kimoja juu ya dirisha. Alikuwapo mtoto mmoja ambaye Juzuu Amma ilimkawilia. Si mtundu, si mvivu. Aliisoma aya mara arubaini, kesho yake imetoka. Nilimchapa kwa kuchelewa kwake kana kwamba kuchelewa ni dhambi aliyoichagua. Siku moja hakuja, na hakurudi tena. Nimewahi kukutana naye mtu mzima sokoni. Alinipa mkono kwa adabu, akanisabahi, akaenda zake. Nilikuwa nikiwasomesha watoto wale wale habari za Ashajj wa Abdul-Qays, ambaye wenzake walipofika Madina walimkimbilia Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, wakaacha vipando vyao, naye akabaki nyuma kuwafunga ngamia, kukusanya mizigo na kuvaa nguo njema, kisha akaja taratibu, na Mtume akamsifu kwa upole wake na kutokuwa na pupa. Niliisomesha, na kiboko kikiwa juu ya dirisha.

Baada ya Maghrib nilikwenda kwa ustadhi wa hapo, kijana mwenye heshima. Nikamwomba mpwa wangu apewe mistari mitatu kwa siku badala ya nusu ukurasa. Alisita, na hoja yake ni ya haki: ana watoto wengi na mikono miwili, kila mmoja akipewa mwendo wake darasa litamponyoka. Tukakubaliana ajaribu mpaka Ramadhani.

Kwa dada mambo hayakuwa mepesi. Nilipendekeza simu ikae kwake tangu Maghrib mpaka kijana arudi kuswali Isha kwa jamaa, mchezo uwe Jumamosi na Jumapili tu, naye mama aonyeshwe kinachochezwa. Akanitazama. "Kaka, wewe umekuja siku mbili, kesho wapanda basi. Anayebaki naye ni mimi." Sikuwa na la kumjibu, na sikujaribu. Alilikubali pendekezo kama mtu anayekubali deni la mwingine.

Jumapili iliyopita alinipigia. Mistari mitatu ya Jumatatu aliisoma sawasawa, ya Jumanne ikamtoka, ya Jumatano akaisoma pamoja na ya Jumanne. Isha ameswali msikitini siku tano kati ya saba. Mchezoni ameshindwa mara nne mfululizo. Kisha dada akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika.

"Hebu niambie," akasema, "huyo kiboko wake, wamemfanyaje hata akaogopa maji?"