Kamal Haasan: Mcheza filamu wa Kitamil aliyeweka mali yake yote rehani

Mwanzoni mwa mwezi Juni mwaka 2022, siku chache kabla ya filamu mpya kuingia kwenye majumba ya sinema, watu waliokusanyika chini ya jengo la Burj Khalifa mjini Dubai walimwona mzee wa miaka 67 akitokeza kwenye ukuta wa jengo hilo lenye urefu wa mita 828. Mzee huyo alikuwa Kamal Haasan, na filamu yenyewe ilikuwa Vikram. Mwezi uliofuata, Umoja wa Falme za Kiarabu ulimpa viza ya dhahabu, ile inayomruhusu mgeni kuishi nchini humo kwa miaka kumi.

Wasomaji wetu wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wamekulia kwenye picha za Kihindi, lakini zile tulizozizoea zaidi ni za Bombay, zinazozungumzwa Kihindi. Za kusini mwa India, zinazozungumzwa Kitamil, hazikutufikia sana. Hata hivyo wale wa umri mkubwa kidogo huenda wanaikumbuka sura ya Haasan katika Ek Duuje Ke Liye ya mwaka 1981, kisa cha kijana wa Kitamil na msichana wa kaskazini waliopendana bila kuijua lugha ya mwenziwe. Yule steringi ndiye tunayemzungumzia leo.

Kwa nini basi Dubai? Wahindi ndilo kundi kubwa kuliko yote la wageni katika Falme za Kiarabu, na miongoni mwao wamo Watamil wengi, kuanzia wafanyakazi wa ujenzi hadi wahasibu na wenye maduka. Kwa mtu aliyeacha mke na watoto Tamil Nadu, filamu ya kwao siku ya mapumziko ni kama barua kutoka nyumbani. Na kwa mtayarishaji aliyeko Chennai, tiketi zinazokatwa Ghuba ni fedha za kweli zinazoingia kwenye hesabu.

Bw. Haasan alizaliwa tarehe 7 Novemba mwaka 1954 katika mji wa Paramakudi. Alionekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1960 katika Kalathur Kannamma, akiwa bado mtoto mdogo, na akapewa medali ya dhahabu ya rais wa India. Alipokua, mlango haukufunguka mara moja. Alijifunza ngoma ya asili ya Bharatanatyam na akafanya kazi ya kumsaidia mwalimu wa kucheza dansi kwenye filamu za watu wengine. Jina lake lilianza kukua mwaka 1975 kwa filamu ya Apoorva Raagangal, iliyoongozwa na K. Balachander.

Baada ya hapo sifa zilifuatana. Amepata tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora mara tatu: kwa Moondram Pirai ya mwaka 1982, Nayakan ya 1987 na Indian ya 1996. Mwaka 2005 jarida la Time la Marekani liliiweka Nayakan, iliyoongozwa na Mani Ratnam, katika orodha ya filamu mia moja bora za wakati wote. Mwaka huohuo wa 1987 alicheza pia Pushpak, filamu ya kuchekesha isiyo na mazungumzo hata kidogo, ambayo mtu wa lugha yoyote anaweza kuifuata. Katika Avvai Shanmughi aligeuka mama wa makamo, na katika Dasavathaaram ya mwaka 2008 alicheza watu kumi tofauti peke yake.

Lakini uigizaji ni upande mmoja tu wa maisha yake. Upande wa pili, uliompa taabu zaidi, ni ule wa kutayarisha na kuongoza filamu zake mwenyewe. Mwaka 1981 alitoa Rajaparvai, ambamo alicheza mpiga fidla kipofu. Ilikuwa filamu yake ya mia moja, na ya kwanza chini ya kampuni yake ambayo baadaye ilijulikana kama Raaj Kamal Films International. Wakosoaji waliisifu, lakini haikurudisha fedha. Hey Ram ya mwaka 2000, inayohusu kuuawa kwa Mahatma Gandhi, aliiandika, akaiongoza, akaitayarisha na kuicheza mwenyewe. India iliipeleka kushindania tuzo za Oscar, lakini kwenye majumba ya sinema haikufanya vizuri.

Kuna na nyingine ambayo hadi leo haijakamilika. Mwezi Oktoba mwaka 1997, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alihudhuria uzinduzi wa upigaji wa filamu ya Marudhanayagam mjini Chennai. Hata heshima hiyo haikuweza kuziba pengo la fedha, na kazi ikasimama.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi Januari mwaka 2013. Bw. Haasan alikuwa amemaliza Vishwaroopam, filamu ya gharama kubwa, na serikali ya jimbo la Tamil Nadu ikaizuia kwa wiki mbili baada ya jumuiya za Waislamu kulalamika kwamba inawachafulia jina. Aliwaita waandishi wa habari nyumbani kwake akawaambia kwamba mali yake yote iko rehani kwa ajili ya filamu hiyo, nyumba ile waliyokaa ikiwemo, na kwamba huenda akalazimika kuhama nchi. Mwishowe pande mbili zilikaa pamoja, yeye akakubali kurekebisha sehemu saba, na filamu ikaanza kuonyeshwa Tamil Nadu tarehe 7 Februari. Tunaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na la kusema: waliohofia sura yao inavyoonyeshwa, na msanii aliyeona jasho la miaka likipotea kwa amri ya siku moja.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Dar es Salaam mwezi Aprili mwaka 2012 akiwa na miaka 28, naye alikuwa mwigizaji, mtayarishaji na mwongozaji kwa pamoja. Anayekuwa yote matatu hufaidi peke yake filamu ikiuzika, na hula hasara peke yake ikianguka. Benki hazikopeshi kwa ahadi ya hadithi nzuri, zinataka hati ya nyumba.

Ndiyo maana ile picha ya Burj Khalifa ilikuwa na maana kubwa. Vikram, iliyoongozwa na kijana Lokesh Kanagaraj na kutayarishwa na kampuni ya Bw. Haasan mwenyewe, ilipata zaidi ya rupia bilioni 4. Mzee alisema hadharani kwamba sasa ataweza kulipa madeni yake, na akamzawadia mwongozaji wake gari. Mwezi Mei mwaka 2023, safari hii Abu Dhabi, alitunukiwa katika tuzo za IIFA kwa mchango wake katika sinema ya India.

Hakuna aliyemwahidi kwamba mambo yatabaki hivyo. Indian 2 ya mwaka 2024 na Thug Life ya 2025, iliyomkutanisha tena na Mani Ratnam baada ya miaka 38, hazikufikia matarajio. Katika siasa, chama alichokianzisha mwaka 2018, Makkal Needhi Maiam, hakikupata kiti hata kimoja katika uchaguzi wa jimbo wa 2021, na yeye mwenyewe alishindwa Coimbatore Kusini kwa kura 1,728. Mwezi Julai mwaka 2025 aliapishwa kuwa mjumbe wa Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India.

Waswahili husema, mvumilivu hula mbivu. Bw. Haasan amezila mbivu, na mbichi pia amezila nyingi. Vijana wetu wanaoshika kamera leo Kariakoo, Nairobi au Deira wayatazame yote mawili kabla ya kupeleka hati ya nyumba benki.