Kauli Moja Kitandani kwa Mgonjwa Mahututi

Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye benchi nje ya wodi ya wagonjwa mahututi. Asubuhi daktari anatuambia mgonjwa ataanza kupewa uji kwa mpira wa puani. Mchana muuguzi anasema asipewe kitu. Jioni anakuja daktari mwingine, naye anauliza kwa nini mgonjwa hajala! Sisi tuliyaona hayo kwa ndugu yetu. Hatukuona mzembe pale. Kila mmoja alifanya kazi yake, ila hawakuwa wamesikilizana.

Mgonjwa wa namna hii hahudumiwi na mtu mmoja. Kwa siku moja hupitiwa na madaktari kadhaa, wauguzi wa zamu mbili au tatu, mtu wa maabara na mfamasia. Na mwili wake hauna akiba ya nguvu. Zamu ya usiku isipoambiwa kwamba dawa ya usingizi ipunguzwe, mgonjwa anabaki kwenye mashine ya kupumulia, na kadiri anavyokaa humo ndivyo hatari ya kupata nimonia inavyozidi.

Mwaka 2003 Dk. Peter Pronovost na wenzake wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, walitoa taarifa ya kushangaza. Waliwauliza wauguzi na madaktari walio mafunzoni kama wanaelewa malengo ya siku hiyo kwa mgonjwa wao. Walioelewa hawakufika 10 kwa kila 100. Na hawa ndio waliokuwa wakimzungukia mgonjwa kila siku!

Hawakununua mashine mpya. Walitunga karatasi moja ya kujazwa kila siku kwa kila mgonjwa: Nini kifanyike ili mgonjwa huyu aweze kutoka wodi hii? Hatari yake kubwa ni ipi? Maumivu je? Chakula je? Jamaa zake wameelezwa? Baadaye walioelewa wakazidi 95 kwa 100, na wastani wa kukaa katika wodi ile ukashuka kutoka siku 2.2 hadi 1.1. Hatusemi karatasi peke yake ndiyo iliyoleta yote hayo, lakini gharama yake ni ndogo mno.

Jambo kama hilo limejaribiwa hata kwetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kabla ya kupasua, wote husimama kidogo, kila mmoja hutaja jina na kazi yake, na mwenye wasiwasi huutoa. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100.

Kigumu zaidi, kwa maoni yetu, ni heshima inayogeuka woga. Muuguzi kijana anaona mapigo ya moyo yanakwenda mbio, lakini anaogopa kumwamsha daktari, akimpigia simu anasema tu, “Mgonjwa hali si nzuri.” Afadhali aseme: “Ni kitanda cha 4, alipasuliwa tumbo jana, presha imeshuka, nadhani anavuja damu ndani, naomba uje sasa.” Naye daktari akitoa agizo la dawa, muuguzi alirudie kwa sauti, pamoja na kipimo chake.

Nanyi jamaa mna sehemu yenu. Chagueni mmoja wa kusema na madaktari, kuliko kwenda kumi na kurudi na habari kumi. Leteni dawa zote alizokuwa akitumia nyumbani, za miti shamba zikiwemo, bila kuona haya. Na kila asubuhi ulizeni kwa upole: “Leo mnakusudia kumfanyia nini mgonjwa wetu?” Jibu liandikeni kwenye daftari, ili anayewapokea jioni alikute.