Kabati la Sebuleni Linapohamia Bafuni

Kabati la mninga lililozeeka sebuleni, likitunza sahani za wageni, bado linaweza kupewa kazi nyingine: kubeba beseni la kunawia. Tabora mjini, hasa tangu maji ya Ziwa Victoria yafikishwe mkoani, bafu la ndani lenye bomba linataka na samani zake. Seti za dukani zipo. Zinang'aa, na hapo ndipo sifa za nyingi zinapoishia.

Sehemu kubwa ya seti za bei nafuu ni chipbodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Maji yakipenya kwenye ukingo, chipbodi huvimba, na ikishavimba hairudi. Mninga, mti wa miombo inayoizunguka Tabora, hausinyai wala kutanuka sana unyevu unapobadilika, na kiini chake mchwa hawakiwezi kirahisi. Kutumia tena kabati lililopo kunapunguza pia haja ya kukata miti porini, katika mkoa ambao misitu yake imeelemewa na mashoka.

Ufundi wa samani hapa ni wa zamani. Katika njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kama kilo 30. Kabati zima lisingetoka Bagamoyo kichwani mwa mtu. Samani nzito zilihitaji fundi wa papo hapo. Ufundi huo unaonekana Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa mpelelezi Livingstone hadi Agosti 1872, lenye mlango uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Reli, ambayo ingeweza kubeba samani nzito, ilifika Tabora mwaka 1912, lakini mafundi hawakukosa kazi.

Kazi yenyewe huanza na futi ya kupimia. Ukingo wa beseni unafaa kuwa sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni. Kabati fupi la sebuleni linalipokea vizuri beseni la bakuli linalokaa juu, kwa kuwa bakuli lenyewe huongeza kimo. La jikoni huwa na kina cha sentimita 60 hivi, kingi mno kwa bafu dogo. Fundi makini hulipunguza kwa nyuma ili milango na bawaba zisiguswe.

Kisha droo. Ile ya juu hukatwa katikati, ibaki na umbo la herufi U linalolikwepa bomba, au uso wake hugongomelewa uwe pambo tu. Ubao wa nyuma ukitobolewa kupitisha mabomba, kabati hulegea, kwa hiyo mbao mbili za kulala huongezwa ndani na kufungwa ukutani kwa skrubu. Jambo moja vitabu vya kigeni hulisahau: katika mabafu mengi ya kwetu watu huoga kwa ndoo, na maji hutapakaa sakafu nzima. Kabati lisimame juu ya miguu ya chuma au lining'inie ukutani kabisa.

Vanishi isiyopitisha maji ipakwe hasa kwenye kingo zilizokatwa na ndani ya matundu, mahali ambapo wengi huruka kwa kuwa hapaonekani. Silikoni izungushwe chini ya beseni na iachwe ikauke siku nzima. Bomba lililopinda chini, lile linalobakiza maji ili harufu isipande, liachiwe nafasi ya mkono kulifungua. Mwisho beseni lijazwe na kuachiwa kwa mkupuo, huku karatasi kavu ikipitishwa kwenye kila kiungo. Ikilowa, kiungo hicho kifungwe upya kabla milango haijarudishwa.