Bampa Iliyopauka: Jinsi ya Kurudisha Weusi wa Plastiki za Gari

Wenzangu chamani wameandika kuhusu ngeli, methali na mashairi. Mimi, kwa kuwa mikono yangu imezoea ndoo na kitambaa kuliko kalamu, nimeamua kukueleza jinsi ya kuosha plastiki nyeusi za gari na kuzirudishia weusi wake. Tafadhali usicheke. Jambo hili lilinikosesha masomo wiki mbili nzima.

Mjomba wangu alikuwa na Probox. Nadhani sina haja ya kukueleza Probox ni nini, maana ukisimama sokoni Tawa kwa dakika tano tu utaziona zikipita na mizigo mpaka juu ya paa. Toyota ilianza kuziuza mwaka wa 2002 kule Japani ziwe gari za kazi, na kwa kuwa ni za kazi, nyingi hazikupakwa rangi kwenye bampa. Ni plastiki nyeusi tupu, mbele na nyuma. Ongeza vifuniko vya vioo vya pembeni na ile plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, utaona kwamba sura ya gari hilo kwa kiasi kikubwa ni plastiki. Ikipauka, gari lote linaonekana zee hata kama injini yake ni nzima.

Na hupauka kweli. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini hata hiyo miaka yote chini ya minane huwa limeota jua la watu. Halafu linaletwa huku kwetu, karibu na ikweta, na kupandishwa vilimani. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale mikali ya jua inavyoongezeka, asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000. Kumbe baridi ya Kikima hutudanganya! Mtu amevaa sweta huku bampa yake inaungua.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuliosha gari hilo kila Jumamosi. Mjomba hakuwahi kusema kwamba hayo ndiyo malipo ya karo yangu, lakini mama alinikalisha chini akaniambia, "Wewe osha gari ya mjomba wako vizuri. Ujue ndiyo inakusomesha."

Bampa ilipoanza kugeuka kijivu, niliisugua kwa sabuni ya unga mpaka vidole vikachubuka. Ikiwa na maji ilikuwa nyeusi tititi. Ikikauka inarudi kuwa kama majivu. Nikadhani ni uchafu sugu. Ndipo kijana mmoja anayeosha magari akaninong'onezea siri yake: oili chafu. Yaani ile oili nyeusi inayomwagwa gari likifanyiwa sevisi. Nikapaka. Lo! Bampa iling'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Mjomba akanisifu, nami nikavimba kichwa. Nikaendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, karibu mwaka mzima.

Desemba iliyopita mjomba aliamua kuliuza ili anunue pikapu, na katika hesabu yake ya pesa hizo mlikuwa na karo yangu ya muhula wa kwanza. Akaja mnunuzi, mzee mmoja aliyevaa shati jeupe pepepe. Alilizunguka gari, akalisikiliza likinguruma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainama kuangalia chini ya bampa ya nyuma, na mkono wa shati ukagusa. Aliutazama ule mstari mweusi kwa muda. Akatoa kitambaa chake mfukoni akapangusa bampa. Kitambaa kikatoka cheusi, na pale alipopangusa pakabaki kijivu.

"Kijana, hii ni nini?"

"Ni oili, mzee."

"Na injini nayo mmeipaka nini?"

Mjomba alijaribu kumweleza kwamba injini haina kasoro, lakini nani angemsikiliza? Mzee alisimamisha bodaboda akaenda zake. Kijasho chembamba kilinitiririka. Mjomba hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Shule zilipofunguliwa Januari nilikaa nyumbani wiki mbili, nikiwaona wenzangu wakipita njiani na vitabu vyao.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa kemia nikamweleza yote. Alicheka kwanza, kisha akasema kwamba habari za polima ni za Kidato cha Nne, lakini kwa kuwa nimeshalipia somo hilo, atanifundisha. Aliniambia nichungulie ndani ya bampa, upande usioonekana. Nikakuta pamepigwa chapa ya herufi PP.

Herufi hizo ni za polipropileni. Giulio Natta wa Italia aliitengeneza mwaka wa 1954, na mwaka wa 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani wakapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Ni plastiki hiyo hiyo ya viti vya plastiki na ya magunia meupe yaliyofumwa. Ukitaka kujua jua huifanyia nini, acha gunia tupu juani miezi mingi kisha ulivute: litakukatikia mkononi. Plastiki hii imeundwa kwa minyororo mirefu mno isiyoonekana kwa macho, na miale ya jua iitwayo urujuanimno, ambayo pia hatuioni, huikata minyororo hiyo vipande vipande.

Bampa haifi haraka kama gunia kwa sababu imechanganywa na masizi. Naam, masizi, ndugu ya yale yaliyo chini ya sufuria ya mama. Masizi huimeza miale kabla haijafika ndani, na ndiyo maana matangi mengi ya maji na mabomba ya plastiki ya shambani ni meusi. Lakini ngozi ya juu kabisa hatimaye huzidiwa. Hufanya nyufa ndogondogo, mwanga ukizigonga hutawanyika ovyo, na jicho letu likaona weupe. Hebu itazame miguu ya mtoto wa darasa la kwanza wakati wa baridi. Imepauka. Je, utaisugua kwa sabuni ya unga? Utaipaka mafuta, yajaze nyufa. Hapo nikaelewa kwa nini maji yaliifanya bampa iwe nyeusi kwa dakika chache: yalijaza nyufa, kisha yakakauka. Na mimi nilikuwa nikisugua jeraha nikidhani ni tope!

Sasa tuingie kazini. Anza kwa kumwagia plastiki maji. Weupe ukitoweka halafu ukarudi pakikauka, hiyo ni kupauka. Lakini ukiona mistari au madoa meupe yaliyokwama kwenye vishimo vya plastiki, hiyo mara nyingi ni polishi ya gari iliyopakwa kwa pupa ikavuka mpaka. Nta yake haitoki kwa maji. Chukua raba ya kufutia penseli, hii hii ya hisabati, usugue polepole. Wengine hutumia siagi ya njugu karanga, maana mafuta yake hulainisha nta. Sikuijaribu. Kwetu siagi ya njugu ikionekana, haifiki kwenye bampa.

Baada ya hapo osha, kivulini, gari likiwa limepoa. Ndoo mbili zatosha, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Najua wengi wetu maji yetu huletwa na punda. Tumia brashi laini au mswaki mkuukuu uingie kwenye vishimo, wala usitumie waya wa kusugulia sufuria, utaikwaruza plastiki na mikwaruzo haitoki. Mimi nilikuwa na deni la mwaka mzima wa oili chafu, kwa hivyo niliosha mara tatu kwa sabuni ya vyombo, kisha nikapangusa kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kikaacha kutoka cheusi. Acha pakauke kabisa. Ukipaka mafuta juu ya unyevu umefanya kazi bure.

Mafuta gani? Mwalimu alinielekeza kwenye mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maseremala huyaita linsidi. Uliza ile ya kuchemshwa. Nilinunua chupa ndogo hadiwea. Tofauti yake na oili chafu ni hii: oili chafu haikauki kamwe, hivyo hushika kila vumbi la barabara yetu na kila shati linalopita. Linsidi huvuta oksijeni hewani ikaganda, ikawa ngozi nyembamba. Weka kidogo sana kwenye kitambaa, paka sawasawa, ngoja nusu saa, kisha pangusa yote iliyobaki juu. Usipopangusa itanata kama ulimbo. Liache gari lilale ndani au mahali pasipo na vumbi na mvua.

Na hapa nakuomba usome mara mbili. Linsidi inapovuta hewa hutoa joto. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitumbukize kwenye maji. Mimi changu nilikitandaza juu ya jiwe, nikakitazama jioni nzima kama mchungaji.

Hizo njia nyingine nitazipitia upesi. Mafuta mazito ya kujipaka hung'arisha kwa siku chache. Rangi ya viatu huchafua nguo, na nguo nimeshakwambia zilinifanya nini. Dawa za silikoni za dukani hazina ubaya, ila utanunua tena na tena. Wako wanaoipitishia bampa moto ili weusi urudi. Polipropileni huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za selsiasi, na sijaona jiko linalojua kusimama kwenye 150. Oili chafu ndiyo mbaya kuliko zote: huvimbisha raba za milango, na kemikali zilizomo zinahusishwa na saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara. Niliishika kwa mikono mitupu mwaka mzima! Na kama plastiki imeshapasuka au inatoa unga ukiigusa, hakuna mafuta yatakayoiponya. Tafuta rangi ya plastiki au bampa nyingine.

Kazi hiyo niliifanya likizo ya Aprili. Agosti bampa ilikuwa bado nyeusi, si ya kumeta, nyeusi tu kama jiwe lililonyeshewa. Akaja mnunuzi wa pili, mama mmoja mwenye duka upande wa Kalawa. Alipopitisha kidole kwenye bampa, moyo ulinidunda kama ngoma. Kidole kikatoka kisafi. Kabla hajasema neno, mjomba akamwambia, "Mama, usidhani hiyo ni mpya. Ilikuwa imepauka, huyu kijana akaipaka linsidi. Ikipita miezi itataka kupakwa tena."

Mama yule alinitazama, akamtazama mjomba, kisha akasema, "Haya, fungua boneti."

Gari liko Kalawa sasa, nami niko darasani. Wiki iliyopita alimpigia mjomba simu, naye mjomba akashtuka akidhani ni habari ya injini. Kumbe alikuwa ameishikilia simu mlangoni mwa hadiwea, anauliza ile chupa inaitwaje.