Mbavu za Waya na Sufu ya Kusokota: Ufafanuzi wa Mbinu za Kuimarisha Chambo cha Nzi kwa Kuzingatia Mazingira ya Songambele, Kagera

Chambo cha nzi ni ndoana iliyovishwa uzi, sufu, manyoya ya ndege na waya ili samaki aidhanie kuwa mdudu. Makala haya yanafafanua hatua mbili za utengenezaji wake ambazo ndizo huamua kama chambo kitadumu au kitafumuka, yaani usokotaji wa sufu kwenye uzi na ufungaji wa mbavu za waya juu ya kiwiliwili. Neno “sufu” limetumika kwa maana ya nywele laini za chini za mnyama kama sungura, na “mbavu” kwa maana ya mizunguko ya waya iliyoachana kwa nafasi sawa, kama pingili za tumbo la mdudu.

Songambele, katika eneo la Karagwe na Kyerwa, si mahali pa kuvua kwa chambo hiki. Samaki wanaovuliwa kwa njia hii zaidi ni trauti, ambao huhitaji maji baridi yenye hewa nyingi, ilhali maji ya Mto Kagera na mabwawa yake ni makazi ya kambale na kamongo. Kambale hutafuta chakula kwa harufu na kwa ndevu zake, kwa hiyo umbo la nzi halimshawishi sana. Hata hivyo, mfungaji wa nzi si lazima akae kando ya mto wa trauti. Nchini Kenya, trauti waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kupandwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye ufungaji wa nzi uligeuka kuwa kazi ya mikono inayouza bidhaa zake Ulaya na Marekani, na mafundi wengi hawajawahi kushika fimbo ya kuvulia. Katika kazi ya namna hiyo malipo hufuata idadi ya dazeni zilizokubaliwa, hivyo nzi anayefumuka ni hasara ya fundi kabla hajawa hasara ya mvuvi.

Kazi huanza kwa kubana ndoana kwenye jiliwa na kuuvisha uzi kwenye shina lake. Waya hufungwa mapema, kabla ya sufu, na ncha yake hulazwa kwa urefu wote wa shina. Ncha fupi iliyofungiwa kwenye mpindo peke yake huchomoka fundi anapovuta, tena huacha kifundo kinachoharibu umbo la kiwiliwili.

Uzi hupakwa nta kidogo, kisha sufu huwekwa juu yake kwa uchache sana na kusokotwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kuelekea upande mmoja tu. Kusokota mbele na nyuma hufungua kile kilichokwisha kushikana. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuweka sufu nyingi: tabaka la ndani hushika uzi, la nje huelea tu, na meno madogo makali ya trauti hulichambua mara moja. Nywele ngumu za juu, kama za sikio la sungura, hazisokotiki vizuri peke yake. Huchanganywa na sufu laini, nayo huzishika. Panapotakiwa uimara zaidi, uzi hukunjwa kuwa kitanzi, sufu ikatiwa kati ya nyuzi mbili, kisha kitanzi kikasokotwa mpaka kikawa kama kamba. Njia hii ni ya polepole, lakini kila unywele hubanwa pande mbili.

Mwelekeo wa waya ndio kiini cha suala zima. Fundi anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida huzungusha uzi kwa kuupitisha juu ya shina kwenda mbali naye. Waya ukifuata mwelekeo huohuo, huzama kati ya mizunguko ya sufu na haushiki kitu. Ukizungushwa kinyume, hukata kila mzunguko kwa juu na kuubana. Manufaa yake huonekana zaidi pale manyoya ya shingo ya jogoo yanapozungushwa kiwiliwili kizima: ute wa unyoya ni mwembamba, ukikatwa na jino mahali pamoja wote hufumuka, isipokuwa waya umeuvuka mara nne au tano. Lakini mwelekeo wa kinyume una gharama yake. Uzi unapofungia waya karibu na tundu la ndoana huuvuta upande wa kuulegeza, kwa hiyo waya hauachiliwi mpaka mizunguko kadhaa ya uzi iwe imekazwa. Ziada hukatwa kwa kuupinda waya huku na huku hadi uvunjike, kwani mkasi huacha ncha kali inayoweza kuukata uzi, na makali ya mkasi wenyewe huharibika.

Mbinu ya kuzungusha waya juu ya nywele si ngeni kabisa katika nchi za Maziwa Makuu. Vikuku vyembamba vya miguu na mikono vilitengenezwa kwa kuviringisha waya wa chuma au shaba juu ya singa za mnyama, na Kiswahili kina neno nyerere kwa waya mwembamba wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba katika kikuku waya hufunika singa zote, ilhali katika nzi huacha nafasi ili sufu ipumue majini. Ulinganisho huu una faida kwa mkufunzi, kwa kuwa humpa msamiati na mfano wa kuonyesha, ingawa hauthibitishi kwamba ufundi mmoja umezaa mwingine.

Kuhusu vifaa, sufu ya sungura na manyoya ya jogoo ni vitu vya uani. Waya wa shaba wenye unene unaofaa hupatikana ndani ya koili za mota ndogo na redio mbovu, vitu ambavyo mafundi wa vijijini huvifungua kila siku. Ndoana zenyewe, pamoja na uzi mwembamba usiokatika, ndizo hulazimu kununuliwa.