Hiyo Siyo Kodi ya Serikali

Swali linalonifikia kuliko jingine lolote kuhusu maili za ndege ni hili: "Nifanyeje nisamehewe kodi kwenye tiketi yangu ya bure?" Wananiuliza Watanzania wanaoishi Reading na Leicester, Wakenya wa Minneapolis, na vijana wanaofanya kazi Dubai na Doha wanaotaka kufika nyumbani kabla ya Idi au Krismasi. Mtu amekusanya maili miaka nenda miaka rudi. Kiti amekipata, tarehe imemfaa, amefika ukurasa wa kulipia, na pale chini anadaiwa pauni mia tatu au mia nne kwenye mstari ulioandikwa "kodi, ada na tozo". Anailaumu serikali ya Uingereza, au ya Kenya, au TRA ya Tanzania. Halafu ananiuliza barua ya kuomba msamaha aipeleke ofisi gani.

Nimelijibu swali hili kwa upole muda mrefu, na bado linakuja, kwa hiyo leo nalijibu bila kuzunguka. Hakuna msamaha wa kuomba, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa hiyo si kodi. Haiendi serikalini, wala haiendi uwanjani. Inabaki kwa shirika lile lile lililokuambia tiketi ni ya bure.

Usiniamini mimi, ifungue risiti yako. Usiishie kwenye jumla. Bonyeza pale panapoonyesha mchanganuo. Kila makato yana alama ya herufi mbili. Ukianzia London utaiona GB, ambayo ni ushuru wa abiria wa ndege wa Uingereza, ule unaojulikana kwa kifupi kama APD. Utaiona UB, ambayo ni ada ya uwanja. Patakuwa na ada za nchi unayokwenda ikiwa tiketi yako ni ya kwenda na kurudi. Kenya, kwa mfano, humtoza abiria anayetoka nje ya nchi dola 50, nazo huwa zimo ndani ya tiketi. Mpaka hapo sina ugomvi na yeyote. Hizo ni za serikali na viwanja, shirika linazikusanya na kuzifikisha zinakohitajika.

Sasa tazama mstari wenye YQ au YR. Hakuna nchi yenye alama hizo. Zimetengwa kwa ajili ya makato ambayo shirika la ndege limejiwekea lenyewe, kwa kiwango linachotaka, kwa njia linayotaka. Kiwango hicho shirika hukipeleka kwenye mfumo uleule linakopeleka nauli zake, na linaweza kukibadilisha bila bunge lolote kukaa. Mara nyingi mstari huo mmoja ni mkubwa kuliko mistari mingine yote ukiijumlisha.

Chukua namba. Katika mwaka wa ushuru ulioanza Aprili 2025, APD kwa mtu anayetoka Uingereza kwenda Nairobi au Dar es Salaam ilikuwa pauni 90 kwa daraja la kawaida na pauni 216 kwa madaraja ya juu. Inatozwa unapoondoka Uingereza tu. Unaporudi Uingereza hulipi. Kwa hiyo ukidaiwa pauni 420 kwa kiti cha daraja la kawaida, toa 90 za ushuru, toa ada za viwanja viwili, na dola zako 50 za Kenya. Kinachobaki, na kitakuwa kingi, ni cha shirika. Hesabu hii inakuchukua dakika mbili. Inaniumiza kuona mtu mwenye shahada ya uhasibu ananiandikia aya tatu za kuilaani Hazina ya London kabla hajaifanya.

Nikishasema hivi, wengi hurudi na jibu la pili: "Basi ni tozo ya mafuta, na mafuta yamepanda." Hapa ndipo ninapopoteza uvumilivu, kwa sababu historia ya tozo hii iko wazi na imepita mahakamani.

Ilianza kweli kwa jina la mafuta. Kati ya Agosti 2004 na Januari 2006, tozo ya mafuta ya British Airways na Virgin Atlantic kwa safari ndefu ya kwenda na kurudi ilipanda kutoka pauni 5 hadi pauni 60 kwa tiketi. Baadaye ikafahamika kwamba mashirika hayo mawili, yanayotakiwa kushindana, yalikuwa yanawasiliana kuhusu viwango hivyo. Mwaka 2007 British Airways ikakubali faini ya dola milioni 300 kwa Wizara ya Sheria ya Marekani, na mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikatangaza faini ya pauni milioni 121.5, ambayo mwaka 2012 ilipunguzwa hadi milioni 58.5. Virgin iliponea kwa sababu yenyewe ndiyo iliyokwenda kutoa taarifa. Jiulize: kampuni mbili zingewezaje kula njama ya kupanga kodi ya serikali? Haiwezekani. Walichopanga ni bei yao wenyewe.

Mafuta nayo hayakuitetea. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kwenye tiketi nyingi za maili tozo haikufuata njia hiyo. Tayari mwaka 2012 wizara ya usafirishaji ya Marekani ilikuwa imeyaambia mashirika kwamba kitu kikiitwa tozo ya mafuta lazima kilingane na gharama halisi ya mafuta. Wengi hawakupunguza kiwango, walibadilisha jina, na ndiyo maana leo unasoma "tozo iliyowekwa na shirika". Mwaka huohuo wanachama wa Marekani wa mpango wa maili wa British Airways walifungua kesi mahakama ya New York, wakidai kwamba tozo waliyolipishwa kwenye tiketi za maili haikuwa na uhusiano wa maana na bei ya mafuta. Kesi iliisha kwa maridhiano: wanachama wakapewa kuchagua fidia ya pesa taslimu au ya maili.

Yapo mashirika yanayoiendesha kwa uwazi, na ni haki yatajwe. ANA na JAL za Japani hutangaza jedwali la tozo ya mafuta kila baada ya miezi miwili, kwa kufuata bei ya mafuta ya ndege ya soko la Singapore. Bei ilipokuwa chini sana mwaka 2016, tozo ilishuka hadi sifuri. Ziko pia nchi ambako mdhibiti ameingilia. Hong Kong ilizuia tozo hiyo mwaka 2016 na kuifungulia mwishoni mwa 2018. Brazil hairuhusu kuwekwa kwenye safari zinazoanzia kwao. Ndege ni zilezile na mafuta ni yaleyale, lakini mstari wa YQ unatoweka pale sheria inaposema utoweke.

Kwa nini basi shirika lisiongeze nauli tu likamaliza? Kwa sababu nauli ina wenyewe wanaoidai sehemu. Kamisheni ya wakala, pale ambapo bado ipo, hupigwa juu ya nauli. Punguzo la kampuni kubwa na mashirika ya misaada hupigwa juu ya nauli. Mtoto mchanga hulipa asilimia 10 ya nauli. Na kanuni za mpango wako wa maili, ukizisoma, zinasema maili hulipia nauli. Ukihamisha pauni 200 kutoka nauli na kuziweka kwenye YQ, bei ya jumla kwa mnunuzi wa fedha taslimu haibadiliki hata peni moja, lakini wote hao wanapungukiwa. Mwenye maili ndiye anayepungukiwa zaidi, kwa sababu anatoa maili zilezile na kubaki na deni la pesa.

Wala usikubali hoja kwamba shirika linakufadhili, kwa hiyo lina haki ya kurudisha gharama. Maili huuzwa. Benki inayokupa maili kila unapotumia kadi imezinunua kutoka kwa shirika kwa fedha, kabla hujapanda ndege yoyote. Mwaka 2020, wakati ndege zimelala chini kwa sababu ya korona, United ilikopa dola bilioni 6.8 kwa dhamana ya mpango wake wa maili, na Delta bilioni 9 kwa dhamana ya wake. Hakuna mkopeshaji anayetoa pesa hizo kwa dhamana ya zawadi. Kiti chako kimelipiwa, sehemu au chote, siku ulipopata zile maili.

Ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu umetoka Marekani, na umewapotosha watu wetu vibaya sana. Mmarekani anayesafiri ndani ya nchi yake kwa tiketi ya maili hulipa dola 5.60 za usalama kwa kila upande, basi. Anarekodi video, anasema ameruka kwa dola tano, na sisi tunaamini kwamba anayedaiwa mia nne ameonewa na serikali yake. Njia yake na yako hazifanani.

Kutokana na imani hiyo ya "kodi" wamezaliwa matapeli, na hao nawachukia waziwazi. Wapo wanaojitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "wanaondoa kodi" kwenye tiketi ya maili kwa malipo kidogo. Hakuna mtu nje ya shirika mwenye uwezo wa kuifuta YQ kwenye tiketi ya mpango husika. Wanachofanya mara nyingi ni kukutolea tiketi kwa maili za akaunti ya mtu mwingine, zilizonunuliwa kinyume cha kanuni au kuibwa. Shirika likigundua, tiketi inafutwa, pengine ukiwa tayari umefika uwanjani na masanduku na watoto, na pesa uliyotuma kwa simu hairudi. Kuna na wale wanaokuambia ufute historia ya kivinjari au ubadilishe nchi kwa VPN. Tozo imepangwa kwa shirika, njia na mahali safari inapoanzia. Kivinjari chako hakihusiki.

Sasa ya kufanya, na nayataja haraka kwa sababu ukishaelewa ya juu haya hayana ugumu. Tafuta kiti kilekile kupitia mpango mwingine: United haipitishi tozo za mashirika washirika wake, na Air Canada iliziacha Novemba 2020, ikabaki na ada ya dola 39 za Kanada kwa tiketi yenye ndege za washirika. Wote wawili ni washirika wa Ethiopian, inayofika Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Kwa hiyo kabla hujahamisha pointi za kadi ya benki kwenda mpango wowote, linganisha kwanza, zikishahamia hazirudi. Angalia bei ya tiketi mbili za upande mmoja, kwa sababu tozo ya kutoka Nairobi inaweza kutofautiana sana na ya kutoka London. Kwa British Airways, soma chaguo zote zilizo chini ya bei; kwa safari nyingi unaweza kutoa Avios (ndizo maili zao) zaidi na pesa kidogo, au kinyume chake. Mtoto aliye chini ya miaka 16 kwenye daraja la kawaida hatozwi APD, hivyo ingiza tarehe yake ya kuzaliwa kwa usahihi. Ukipandisha daraja kwa maili kutoka London, kumbuka ushuru unapanda nao hadi kiwango cha madaraja ya juu. Ukipita London kwa kuunganisha ndege chini ya saa 24 huudaiwi. Ukilala siku mbili kwa shangazi, unaudaiwa.

Piga na hesabu ya thamani kila mara. Kama tiketi ya fedha ni pauni 700, na ya maili ni maili 50,000 pamoja na pauni 420, maili zako zimeokoa pauni 280, yaani kama peni 5 na nusu kwa kila maili 10. Ongeza kwamba tiketi ya fedha ingekupa maili mpya na ya maili kwa kawaida haikupi. Kwa bei hiyo mimi ningelipa pesa na kuzitunza maili kwa safari ambayo nauli yake ni kubwa, kama ya dharura ya msiba, ambapo tiketi ya kesho inauzwa kwa bei maradufu.

Lakini usizitunze mpaka zife. Za Emirates Skywards huisha miaka mitatu baada ya kuzipata, mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Na ukighairi safari, dai mstari kwa mstari: APD hudaiwa kwa abiria aliyesafiri tu, kwa hiyo GB irudishwe hata kama YQ wanaing'ang'ania. Andika alama zenyewe kwenye barua yako ya madai, GB kiasi fulani, UB kiasi fulani, na uambatanishe mchanganuo wa risiti.